Kompyuta yaweza kuwapa sauti wanaonyamaza kikundini

PENYE wengi pana mengi, walinena wahenga. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kikundi cha wakulima anafahamu kwamba mara nyingi penye wengi husikika wachache.

Chukua mfano wa Kedowa, mji mdogo ulioko kwenye njia ya reli katika eneo la Kipkelion Mashariki, Kaunti ya Kericho. Kikundi cha wakulima kikikutana mahali kama hapo kujadili namna ya kuongeza mapato, mwenyekiti hufungua kikao, wazee huzungumza, na kabla ya wengine kupata nafasi, saa za kukama ng'ombe huwa zimewadia. Kijana aliyepata wazo mapema hulisahau akingoja zamu yake, au huona si adabu kumpinga mzee. Mama naye huenda asifungue kinywa mbele ya shemeji zake.

Hasara yake si ndogo. Mnamo Mei 2023, waandamanaji waliteketeza mashine za kuchuna majani chai katika kaunti hiyo wakilalamika kwamba zinawanyang'anya ajira. Jamii ambayo vijana wake wanapoteza vibarua inahitaji mawazo mapya ya kujikimu, na haitayapata iwapo wanaosikilizwa ni watu watatu pekee.

Tatizo hili halikuanzia Kericho. Katika kitabu alichochapisha mnamo 1953, Mmarekani Alex Osborn, aliyekuwa mtaalamu wa matangazo ya biashara, alieneza mbinu ya watu kuketi pamoja na kutoa mawazo mengi iwezekanavyo bila ya yeyote kukosolewa. Lakini mnamo 1958, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walibaini kwamba watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa, waliwashinda wanne waliofikiri wakiwa pamoja.

Mnamo 1987, Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha sababu kuu. Katika mazungumzo, ni mtu mmoja tu anayeweza kusema kwa wakati mmoja. Anayengoja hushughulika kusikiliza, na wazo lake hufifia au hulitupa mwenyewe.

Hapo ndipo kompyuta ilipopata kazi. Katika miaka ya 1980, Jay Nunamaker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona waliunda programu iliyowawezesha wanamkutano wote kuandika kwa wakati mmoja. Kila wazo lilionekana kwa wote, lakini jina la mwandishi halikuonekana. Hakuna aliyengoja zamu, na wazo lilipimwa kwa uzito wake, si kwa cheo cha aliyelitoa.

Kenya nayo ina mfano wake. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, eneo la Kipkelion likiwa miongoni mwa yaliyoathirika, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mapema Januari 2008, Ory Okolloh alipendekeza kupitia intaneti kwamba matukio hayo yaonyeshwe kwenye ramani. Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wengine waliitikia, na katika siku chache wakaunda mtambo wa Ushahidi, uliopokea taarifa za wananchi kwa arafa na kwa intaneti. Wengi wao hawakuwa katika mji mmoja, wala hata nchi moja. Programu hiyo ilitolewa bure, na baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010 ikatumika nchini Haiti.

Kikundi cha kijijini hakihitaji mitambo ya chuo kikuu. Siku chache kabla ya mkutano, kila mwanachama anaweza kumtumia katibu mawazo yake kwa simu. Katibu huyaorodhesha bila majina, huyaunganisha yanayofanana, na kuyarudisha kwa wote wayaongezee. Asiye na simu huandika kwenye karatasi au humtuma mtu amwandikie. Mkutano ukifika, kazi huwa ni kupima na kuchagua.

Tahadhari zipo. Kundi la WhatsApp huonyesha nambari ya mwandishi, hivyo peke yake haliondoi woga. Kuficha jina nako kwaweza kumpa mwoga ujasiri wa kusema kweli, na mchongezi nafasi ya kuchafua wenzake. Kwa hiyo katibu awe mtu anayeaminiwa na pande zote. Isitoshe, kompyuta hukusanya mawazo lakini haiyatekelezi. Wazo lililochaguliwa lisipopewa mtu wa kulisimamia na tarehe ya kukamilika, mkutano utakaofuata utakuta orodha ileile, na wanachama wachache zaidi.