Chai ya jua: maji kwanza, majani baadaye



Mwezi huu tuzungumze kuhusu chai. Si ile ya asubuhi inayochemka kwenye mbabula, hapana. Nazungumzia ile wanayoiita chai ya jua, ambayo picha zake zinazunguka kwenye simu zetu. Mtu ana ndugu yake aliyehamishiwa Marekani, siku moja anapokea picha: chupa kubwa ya kioo imejaa maji, majani ya chai ndani, imewekwa nje juani, na chini ameandika, "Huku hatuwashi hata moto." Kwa familia inayohesabu makala kipande kwa kipande, maneno hayo ni matamu kuliko chai yenyewe. Ndiyo maana joto la Septemba na Oktoba likianza, watu wanaanza kujaribu, na sisi walimu tunaulizwa kama ni salama.

Jibu fupi: jinsi inavyofanywa kwenye ile picha, si salama. Lakini usiache kusoma hapa, kwa sababu iko njia ya kupata chai baridi kwa makala kidogo sana, na jua hilohilo linasaidia.

Tuanze na huko inakotoka. Marekani, hasa majimbo ya kusini yenye joto, sehemu kubwa ya chai inanywewa baridi, na barafu, bila maziwa. Chai ya jua ni desturi yao ya kiangazi. Asubuhi mama anatia majani na maji kwenye chupa, anaiweka juani masaa matatu au manne, kisha anaipeleka kwenye friji. Hata huko kwao wataalamu wa afya wameonya juu ya desturi hiyo kwa miaka mingi, na wao maji yao yanatoka bombani yakiwa safi na friji iko jikoni. Sisi huku maji tunayatoa kwenye pampu baada ya foleni, yanakaa kwenye bidoni, tena friji ni ya kusikia kwa jirani. Kwa hiyo hatari ileile kwetu inakuwa kubwa zaidi.

Hatari yenyewe ni nini? Maji yaliyowekwa juani kwenye chupa yanafika kama nyuzi joto 54 hivi, siku ikiwa nzuri sana. Ukiyagusa unasema yana moto. Lakini kwa vijidudu vingi huo si moto wa kuua, na yakiwa bado ya vuguvugu tu, huo ni moto wa kuzaliana, kama vile unga wa mandazi unavyoumuka vizuri mahali pa joto. Chai inatakiwa maji ya nyuzi 90 au zaidi, majani yakae humo dakika tatu mpaka tano. Huku kwetu Dowa tuko juu, maji yanachemka kabla kidogo ya kufika 100, lakini yanatosha kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii: majani yenyewe. Chai ya hapa Malawi inalimwa kusini, Thyolo na Mulanje. Inachumwa, inasindikwa, inakaushwa, inafungwa kwenye magunia, inasafiri, halafu sokoni inapimwa kwa kijiko kwenye vifuko. Mikono mingapi imepita hapo? Majani yanaweza kubeba vijidudu. Tunapochemsha hatuna wasiwasi, moto unamaliza kazi. Kwenye chai ya jua hakuna kitu kinachomaliza kazi.

Na hii si hadithi ya kutisha watoto. Kipindupindu kilichoanza Malawi mwezi wa Machi 2022 kilifika wilaya zote za nchi, na mpaka kinatulia mwaka uliofuata kilikuwa kimeua watu zaidi ya 1,700. Kambi hii ilifunguliwa 1994 kwa watu kama 10,000, na leo tuko zaidi ya 50,000. Ugonjwa wa tumbo ukiingia nyumba moja, majirani wako karibu mno.

Sasa hapa mtu atauliza, na ni swali la akili: "Mwalimu, si ninyi wenyewe mlitufundisha kusafisha maji kwa jua? Mbona leo mnasema jua haliwezi?"

Ndiyo, tulifundisha, na bado ni kweli. Njia hiyo ilichunguzwa na wataalamu wa chuo kikuu kimoja huko Beirut, Lebanoni, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baadaye watafiti wa Uswisi wakaiendeleza. Unachukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, unabandua karatasi yake, unaiosha, unajaza maji, unafunga, unailaza juu ya bati. Jua likiwa kali, masaa sita yanatosha, yaani saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili mfululizo. Siku ya mvua ya kutwa usiitegemee, chemsha au tumia klorini.

Lakini hapo kinachoua vijidudu zaidi ni mionzi ya jua, ile isiyoonekana kwa macho, wala si joto peke yake. Mionzi lazima ipite ndani ya maji mpaka chini. Kama maji yana tope, haipiti. Ndiyo maana tunapima na gazeti: simamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari, chungulia kutoka juu mdomoni mwa chupa. Ukisoma herufi, maji yanafaa. Usiposoma, yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ujaribu tena.

Basi tia majani ya chai kwenye chupa hiyo. Maji yanakuwa ya kahawia. Rangi ile inaizuia mionzi kama pazia la dirishani. Umepoteza joto la kuchemsha na umepoteza pia mionzi. Kumbe chupa mbili ziko kwenye bati moja, chini ya jua moja, moja inasafishwa na nyingine inafuga vijidudu!

Klorini nayo ni hivyohivyo. Wengine wanaona watengeneze chai kwanza halafu wadondoshee dawa ndani. Haifai. Dawa inaishia kupambana na chai yenyewe na haibaki ya kuua vijidudu, tena ladha inaharibika. Dawa inaingia kwenye maji meupe, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, unasubiri nusu saa, ndipo maji yatumike.

Sasa njia ninayoipenda mimi. Tunaiita chai nzito. Ukitaka lita 2 za chai baridi, usichemshe lita 2. Chemsha nusu lita tu, ambayo ni robo. Maji yakitokota vizuri tia vijiko vinne vidogo vya majani, funika, yaendelee kuchemka taratibu kwa dakika tano. Chuja ungali moto, kwenye chombo safi chenye kifuniko. Itakuwa nyeusi na kali, usiogope. Iache ipoe, maana ukiimimina ya moto chupa ya plastiki itajikunja. Ikishapoa, changanya na lita moja na nusu ya maji uliyosafisha kwa jua au kwa klorini. Makala ya kuchemsha nusu lita unaweza hata kuyapata bure: ukishapika ugali, ule moto unaobaki kwenye mbabula mara nyingi unatosha. Angalia tu kwamba maji yametokota kweli, si kutoa moshi tu.

Kuhusu ubaridi: mtungi wa udongo wenye kifuniko bado unashinda. Kama huna, funga chupa kwa kitambaa kilicholowa, iweke kivulini panapopita upepo, ulowanishe tena kikikauka. Barafu ya kununua kwenye vifuko, mimi ningeiacha kama sijui ilitoka maji gani. Kuganda hakuui vijidudu, vinalala tu vikisubiri kikombe chako.

Sukari tia kwenye kikombe wakati wa kunywa, usitie kwenye chupa nzima, kwa sababu vijidudu navyo vinapenda sukari. Bila friji, chai iliyotengenezwa asubuhi isipite masaa manane. Ikibaki jioni, mwagia bustani ya lengalenga. Na ukiimimina ukaona inavuta kama ute wa bamia, hata kama harufu ni nzuri, usionje. Mwaga, osha chombo kwa sabuni, kisuuze kwa maji ya moto.

Neno kwa akina mama wenye watoto wadogo: mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata joto likiwa la namna gani. Wakubwa kidogo, na mama wajawazito, wasinywe chai pamoja na chakula, maana inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyoko kwenye maharagwe na mboga. Waikae mbali na chakula kama saa moja hivi. Na mtoto akiharisha, chai haimrudishii maji mwilini kama inavyotakiwa. Mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, halafu mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa.

Wale wanaouza chai baridi kwenye chupa pale sokoni, tusiwaonee, wengi wanachemsha vizuri na wanalisha familia zao kwa kazi hiyo. Muulize tu kabla ya kulipa: "Dada, hii umeichemsha leo asubuhi?" Anayechemsha hachukii kuulizwa.