KEBO YA NJIA MOJA NA KEBO YA NJIA MBILI

Mwalimu wa darasa na ashike chaki, maana leo tutaandika hesabu kidogo ubaoni.

Somo letu ni juu ya kebo zinazopeleka sauti kwenye spika. Tuchukue mfano wa hapa hapa Kitangari. Msimu wa korosho wakulima hukutana, na bei za wanunuzi husomwa kwa maikrofoni. Spika ikivuma, mzee aliyeketi nyuma hajui kama imesomwa "mia nne" au "mia nane". Kwa mtu mwenye magunia ghalani, hilo si jambo dogo.

Fundi akibadili kebo, mara watu husema: "Kebo hii mbovu, sauti imepungua." Je, ni kweli? Twende polepole.

KEBO NI ZA NAMNA MBILI

Tunasema juu ya kebo itokayo kwenye mikisa kwenda kwenye amplifaya, au kwenda kwenye spika yenye amplifaya ndani yake.

Ya kwanza ni kebo ya njia moja. Ndani yake mna waya mmoja wa sauti, na wavu wa nyuzi za shaba unaouzunguka. Jeki yake ina mkanda mmoja.

Ya pili ni kebo ya njia mbili. Ndani mna nyaya mbili za sauti zilizosokotwa pamoja, na wavu juu yake. Kichwa chake kina pini tatu, au ni jeki ya mikanda miwili. Mafundi huiita balansi.

Nyaya hizo mbili hufanya kazi kama wapasua mbao wawili wenye msumeno mmoja: huyu akisukuma, yule anavuta.

HESABU YA SAUTI

Chombo kinachopokea sauti huangalia jambo moja tu, nalo ni tofauti baina ya waya na waya. Waya uliotulia tuuandikie 6.

Katika njia mbili, sauti ikija, waya wa kwanza hupanda mpaka 7, wa pili hushuka mpaka 5. Saba toa tano ni 2.

Katika njia moja, waya wa kwanza hupanda mpaka 7, lakini wavu hukaa palepale, 6. Saba toa sita ni 1.

Umeona? Moja ni nusu ya mbili. Kebo si mbovu. Mpasua mbao mmoja ameondoka. Mafundi husema sauti imepungua desibeli 6. Sikio halitasema ni nusu, kwa kuwa huhitaji upungufu wa kama desibeli 10 ndipo liseme hivyo. Tena vipo vyombo ambavyo hupeleka sauti kwenye waya mmoja tu, ingawa vina pini tatu. Hivyo havipunguzi kitu.

HESABU YA MAKELELE

Umeme wa nyumbani hutikisika mara 50 kwa sekunde. Waya wake ukilala pamoja na kebo ya sauti, mvumo huingia. Tuseme mvumo unaongeza 3.

Katika njia mbili huingia sawasawa kwenye nyaya zote: 7 huwa 10, na 5 huwa 8. Kumi toa nane ni 2, kama mwanzo. Mvumo umejifuta wenyewe!

Katika njia moja, 7 huwa 10, na wavu ni 6. Kumi toa sita ni 4. Katika hizo nne, sauti ni 1 tu, na tatu ni makelele. Ukiongeza sauti, unaongeza na makelele.

Basi faida kubwa ya njia mbili si kupiga kelele zaidi, bali ni kuilinda sauti njiani. Jambo hili si geni. Alexander Graham Bell alisajili uvumbuzi wa kusokota nyaya mbili za simu mwaka 1881.

UFANYE NINI?

1. Sauti ikipungua, usitupe kebo. Ongeza polepole kitufe cha sauti inayoingia. Ukirudisha kebo ya njia mbili, teremsha kitufe kwanza, usije ukaunguza spika.

2. Kwa mita 3 au 4, njia moja yatosha. Kwa uwanja mzima, tumia njia mbili, na hakikisha vyombo vya pande zote mbili ni vya balansi.

3. Jeki ya simu ya mkononi nayo ina mikanda miwili, lakini si balansi. Imebeba sauti ya kushoto na ya kulia. Ukiichomeka kwenye tundu la balansi, sauti ya mwimbaji iliyo sawa pande zote hutolewa: saba toa saba ni 0. Ngoma zitalia, mwimbaji hasikiki.

4. Wapo wanaokata waya wa ardhi ndani ya plagi ili mvumo uishe. Usifanye hivyo kamwe. Umeme ukivuja, utampiga aliyeshika maikrofoni, na unaweza kumwua. Badili kebo, usikate ardhi.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini sauti hupungua tukitumia njia moja?
2. Mvumo ukiongeza 5 badala ya 3, njia mbili itabaki na ngapi? Na njia moja je?
3. Kwa nini waya wa ardhi usikatwe?

Jadilianeni, kila mtu aandike majibu yake katika daftari. Kwa herini, mpaka somo lijalo.