Somo la Leo: Upepo wa Tairi

Neno letu leo ni UPEPO.

Gari literemkalo kutoka Mgeta na shehena ya kabichi hubebwa na upepo wa matairi. Ukipungua, mbavu za tairi hujikunja sana, hupata joto, na tairi huweza kupasuka. Ukizidi, tairi huisha katikati na hushika njia kwa shida.

Basi, tujaze kiasi gani? Soma kibandiko penye mlango wa dereva. Mara nyingi gari lenye mzigo lina kiasi chake. Namba ya ubavuni mwa tairi ni ukomo tu.

Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Likipata joto njiani upepo huvimba, usiupunguze.

Sasa andikeni: Soma kwanza, jaza baadaye.