Mkatoliki Aendapo Masasi na Newala

Wenzangu Wakatoliki wafikapo Masasi mara ya kwanza huona kanisa kubwa, husikia watu wakitaja Misa, humwona kasisi aitwaye Padre, na harufu ya ubani huwafikia mlangoni. Basi hudhani wamefika kwao. Napenda kueleza kwa nini sivyo.

Masasi ni mji wenye majabali makubwa pande zote. Mtandi, chini ya jabali mojawapo, ndipo penye kanisa kuu la Anglikana. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, yule yule aliyejenga kanisa kuu Unguja mahali palipokuwa soko la watumwa. Alikuja na watu waliokombolewa utumwani. Wakashuka Lindi, wakatembea kwa miguu wakielekea upande wa Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakapapenda, wakajenga. Steere alikuwa wa U.M.C.A., misheni iliyotokana na vyuo vikuu vya Uingereza. Wamisheni wake walishika desturi nyingi za kale: Misa, kitubio, mavazi ya ibada, ubani. Ndiyo sababu macho ya mgeni hudanganyika. Lakini hawako chini ya Papa, na kwa sheria ya Kanisa letu Mkatoliki hapokei Komunyo kwao. Kuingia na kusali kwa adabu si kosa, na mimi naona ni vizuri.

Kwa hiyo Jumapili usiulize tu, "Kanisa liko wapi?" Uliza Kanisa Katoliki. Jimbo letu la huko, Tunduru-Masasi, liliundwa mwaka 1986.

Wakatoliki walitangulizwa na Wabenediktini, watawa wa Ujerumani, waliofika Lukuledi mwaka 1895. Katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905, misheni za Lukuledi na Nyangao ziliangamizwa, na Askofu Cassian Spiss akauawa safarini pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwaka uliofuata watawa walianza Ndanda. Atokaye Mtwara kwa gari hupita hapo kabla ya kufika Masasi. Ashuke, maana pana abasia, hospitali na mitambo ya kupiga chapa vitabu.

Kutoka Masasi kwenda Newala njia hupanda uwanda wa Wamakonde. Huko nako Waanglikana ni wa zamani: Wangoni walipoishambulia Masasi mwaka 1882, wamisheni walihamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao. Waislamu ni wengi sana, nawe utasikia adhana kabla ya kengele. Chukua maji ya kunywa, kwani uwanda huo hauna mito, na tangu zamani watu walishuka mabondeni kuteka. Baada ya Misa nenda ukingoni, panapoitwa Shimo la Mungu. Ardhi hukatika ghafula miguuni pako, na mbali chini huonekana bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji.