Mtoto Yuko Japani, Simu Imelia Zombe: Je, Ni Yeye Kweli?

Wengi wenu mna mtu majuu. Kama si mtoto ni binamu, kama si binamu ni yule jirani mliyemchangia nauli ya ndege. Na kila wikendi picha zinaingia kwa WhatsApp: amesimama kwa daraja, amekula kitu hakijulikani ni nini, amevaa koti kubwa kuliko yeye. Tunafurahi, tunaweka moyo mwekundu, tunatumia shangazi. Leo tunataka kuongea kuhusu hizo picha, kwa sababu kuna watu wengine huzitazama kwa makini kuliko shangazi.

Mteja wetu mmoja ni mzaliwa wa Zombe, kule Kitui Mashariki. Anasoma shahada ya uzamili katika mji wa Kobe, chini ya mpango wa ABE ambao Japani ilitangaza mwaka 2013 kwa ajili ya vijana wa Afrika. Mama yake bado yuko Zombe, anauza ndengu na maharagwe sokoni. Tulimpigia huyo dada Jumapili moja saa sita mchana saa zetu, kwake ikiwa tayari saa kumi na mbili jioni, maana Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Shikeni hiyo tofauti ya saa, tutaihitaji. Alitukubalia tusimulie yaliyowapata, mradi tusitaje jina lake wala la mamake.

Kobe ni mji wa bandari uliobanwa kati ya bahari na milima ya Rokko. Anasema ni vigumu kupotea: mlima ukiwa mbele yako unaelekea kaskazini, bahari ikiwa mbele yako ni kusini. Jumatatu hadi Ijumaa ni darasa na maabara. Wikendi anajaza ile kadi yake ya treni inayoitwa ICOCA, anaigusisha kwa mashine ya stesheni, twende.

Matembezi yake ya kwanza yalikuwa Nara, mji mkuu wa Japani wa zamani, miaka ya 700. Pale kuna paa zaidi ya elfu moja wanaotembea huru kwenye bustani na hata barabarani, na hakuna anayewafukuza kwa sababu wanalindwa na sheria. Unanunua biskuti zao maalum, unainama, paa naye anainama, unampa. Hiyo ndiyo adabu. Lakini yeye alipoinama kumsalimia mmoja, mwingine alikuja kwa nyuma akala ramani iliyokuwa inachungulia kwa mfuko wa koti. "Nimechunga mbuzi tangu niko darasa la pili," alituambia, "na mbuzi wa kwetu angalau hawakuamkui kabla ya kukuibia." Video ya hiyo siku ilizunguka kijiji kizima. Mamake aliionyesha mpaka wanunuzi wa ndengu.

Halafu Himeji, kwenye ngome nyeupe iliyokamilika mwaka 1609 na kuponea mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Unavua viatu, unavibeba kwa mfuko wa plastiki, unapanda ngazi zilizosimama kama za dari ya ghala. Magoti yaliuma siku mbili, basi.

Lakini anachopenda kuliko vyote ni kupanda Rokko Jumamosi asubuhi. Njiani anakutana na wazee wa miaka sabini na kitu, wana fimbo na chupa za chai, na kila mmoja anamsalimia. Kule mjini watu hawasalimiani ovyo, lakini ukishaingia njia ya mlimani kila mtu ni "konnichiwa, konnichiwa" kama uko njia ya kwenda kisimani. Aliwahi kuwasimulia juu ya Jiwe la Nzambani, kwamba ukilizunguka mara saba mwanaume anageuka mwanamke na mwanamke anageuka mwanaume. Mzee mmoja akauliza kwa utaratibu kabisa: na ukizunguka mara kumi na nne?

Kwenye hizo njia za kuteremka ndipo alipoona kitu kilichomshangaza kuliko treni. Kibanda kidogo cha mbao, ndani kuna vitunguu, figili na mboga zimefungwa vizuri, na hakuna muuzaji. Kuna kopo tu. Unachukua mboga, unatia yen 100, unaenda zako. Jaribu kufikiria umeacha ndengu zako kando ya barabara ya Zombe na mkebe wa pesa juu yake! (Sisi hatushauri.) Na angalia: pesa taslimu, sarafu. Huyu ni mtu aliyetoka kwao akinunua hata sukuma wiki kwa simu. Ajabu ni kwamba Wajapani walikuwa wanalipa kwa simu dukani tangu 2004, miaka mitatu kabla ya sisi Kenya kuanza kutumiana pesa kwa simu mwaka 2007. Hata ile michoro ya mraba unayoskani ukilipa, QR, ilibuniwa huko huko Japani mwaka 1994, kampuni ya Denso Wave ikitafuta njia ya kufuatilia vipuri vya magari. Lakini noti na sarafu bado wanazipenda.

Sasa, jioni moja akirudi kutoka matembezini aliingia kutoa pesa kwenye mashine, na pembeni aliona bango la polisi: nyanya ameshika simu sikioni, uso umejaa wasiwasi. Akamuuliza mwanafunzi mwenzake wa Kijapani ni nini. Akaelezwa kwamba ni ulaghai unaoitwa "ore ore", maana yake "ni mimi, ni mimi". Ulianza kuvuma miaka ya 2003 na 2004. Tapeli anampigia mtu mzee na kusema tu "ni mimi", kwa sauti ya mtu aliye taabani. Mzee anauliza, "Ni wewe Fulani?" Tapeli anasema, "Eeh, ni mimi Fulani." Umeona kilichotendeka hapo? Jina hakulijua. Amepewa na mzee mwenyewe. Kisha inakuja hadithi ya ajali, au pesa za ofisi zimepotea, na zinahitajika leo hii. Utapeli wa aina hiyo na ndugu zake wengine wa kwenye simu uliwagharimu Wajapani zaidi ya yen bilioni 70 mwaka 2024, kwa kukadiria kama shilingi bilioni 60 zetu. Hiyo ni nchi ambayo watu wanaacha mboga barabarani na kopo la pesa.

Kwa hivyo polisi wa huko huwashauri watu wa familia moja wakubaliane neno la siri. Akipiga mtu akadai ni mtoto wako na anataka pesa, unauliza neno kwanza.

Usiku huo huo alimpigia mamake wakachagua neno lao. Ni la Kikamba. Sisi hatulijui na hatukuuliza.

Miezi michache baadaye, saa nne usiku, simu ya mama ililia. Namba ni ya hapa Kenya. Mwanamume, sauti ya heshima, anasema anasoma na binti yake huko Kobe lakini kwa sasa amekuja likizo Nairobi. Amepata habari mbaya: binti ameanguka mlimani Rokko, yuko hospitali, na hospitali inataka pesa kabla ya kumshughulikia. Alijua jina la binti. Alijua Rokko. Alijua hata kuhusu paa wa Nara! Shilingi 30,000 zitumwe kwa namba hii, yeye atazivusha. Mama alikuwa ameuza ndengu na mbuzi wawili wiki hiyo, pesa zote ziko kwa simu.

Akasema apewe mtoto aongee naye. Sauti ya msichana ikaja, inalia: "Mwaitu, nĩ nyie." Mama, ni mimi. (Ndugu zetu wa pwani, hapo hatusemi "nyinyi".) Yale yale ya "ore", sasa kwa Kikamba.

Mama akauliza neno. Simu ikakatika.

Tungeweza kuwaambia kwamba mama alicheka akalala. Wapi! Yule mwanamume alipiga tena mara mbili, na mara ya mwisho aliacha heshima akasema binti akifa itakuwa juu ya mama. Mama akapiga namba ya binti kwa WhatsApp mara saba, haishikwi. Hospitali za Zombe anazijua, za Kobe hazijui. Neno lilikuwa limemwambia huyo msichana si wake, lakini halikumwambia wake yuko salama. Aliketi kitandani na simu mkononi, pesa zipo, namba ya kutumia ipo, mpaka saa sita u nusu usiku binti alipopiga. Kwake ilikuwa saa kumi na mbili u nusu asubuhi na ndio alikuwa anaamka. Simu ilikuwa imezimwa sauti. Saa nne usiku ya Zombe ni saa kumi alfajiri Japani, na mtu hupanda Rokko mchana.

"Neno lilishika mkono wangu," mama alituambia. "Moyo halikuushika."

Tulimuuliza binti walijuaje hayo yote, naye alishafikiria jibu. Picha zake za Facebook zilikuwa wazi kwa mtu yeyote. Video ya paa iliingia kwenye kundi la WhatsApp la mchango wa harusi, watu zaidi ya mia mbili, nusu hawajulikani, na namba ya mama imo humo. Hakuna aliyedukua chochote. Tapeli alisoma tu, akaongeza chumvi.

Kwa hivyo, wewe mwenye mtu majuu, au hata Nairobi: chagueni neno leo. Lisiwe kitu kilichowahi kuonekana kwa picha au status, kwa hiyo jina la mbuzi wenu maarufu halifai, wala la shule, wala la kijiji. Lisemwe kwa mdomo, lisiandikwe kwa meseji, maana simu ikiibiwa meseji huenda nayo. Lugha ya nyumbani ni nzuri. Usikubali sauti peke yake kama ushahidi, siku hizi kuna programu za kuiga sauti ya mtu kutoka kwa video fupi tu. Na usitaje jina wewe kwanza. Mwache anayepiga ajitambulishe mwenyewe.

Ongezeni jambo moja ambalo familia hii iliongeza baada ya usiku ule: namba ya mtu wa pili. Binti alimpa mama namba ya jirani yake wa bweni, Mkenya mwenzake, ambaye anaweza kugonga mlango saa yoyote. Pia alimweleza kwamba mgeni anayeishi Japani zaidi ya miezi mitatu lazima awe na bima ya afya ya huko, na kwa kawaida yeye hulipa asilimia 30 tu ya gharama. Ile hadithi ya hospitali haikuwa na miguu. Jua mambo madogo kama hayo kuhusu mahali mtu wako anaishi, yatakusaidia kuliko unavyodhani.

Wakala wako naye akikuuliza "unamtumia nani hizi?" usikasirike. Huko Japani wahudumu wa benki na wa maduka huwauliza wazee swali hilo hilo. Sisi hatutakuuliza namba yako ya siri kamwe, si kwa simu, si kwa meseji. Na kama pesa zimeshaenda, usingoje asubuhi kwa aibu: tupigie huduma kwa wateja mara moja, kwa sababu zikiwa hazijatolewa tunaweza kuzizuia. Usifute meseji wala orodha ya simu zilizoingia, polisi watazihitaji.

Binti hajaacha matembezi. Wikendi ijayo anaenda kisiwa cha Awaji, basi linapita juu ya daraja la Akashi Kaikyo, ambalo kati ya nguzo zake kuu mbili kuna mita 1,991. Mama atapata picha papo hapo. Facebook itazipata Jumatatu, akiwa amesharudi.