KUONA WAZI KWA HADUBINI: KAZI HUANZA SHAMBANI

Mkulima apelekapo jani lenye ugonjwa kwa Bwana Shamba, huenda likatazamwa kwa hadubini, yaani chombo cha vioo cha kukuzia vitu vidogo mno. Wengi hudhani ya kuwa chombo kikikuza zaidi huonyesha zaidi. Sivyo. Kukuza ni jambo moja, na kupambanua ni jambo jingine. Picha iliyofifia, hata ikikuzwa, hubaki imefifia.

Mambo matatu huleta picha iliyo wazi.

Kwanza, kipande kiwe kipya. Jani lililooza huingiwa na kuvu wengine, nao humdanganya mtazamaji. Chuma jani ambalo ugonjwa ndio kwanza unaanza, likiwa na sehemu nzima pia. Likunje katika karatasi kavu, wala si mfuko wa plastiki, ulipeleke upesi.

Pili, kikatwe kwa wembe mkali, kiwe chembamba hata nuru ipenye. Seli zikilaliana, picha huchafuka.

Tatu, kilazwe katika tone la maji chini ya kioo chembamba, pasiwe na mapovu. Iko lenzi kali itumiwayo pamoja na tone la mafuta maalumu. Mafuta hayo huiletea lenzi nuru ambayo ingepotea hewani.

Lakini nuru ina mpaka wake. Mwaka 1873 Ernst Abbe wa Ujerumani alieleza mpaka huo: hadubini ya kawaida haiwezi kupambanua vitu viwili vilivyo karibu kuliko sehemu 1 katika 5,000 ya milimita. Vijimbegu vya kutu ya kahawa huonekana bila shida, maana kila kimoja hufika karibu sehemu 3 katika 100 za milimita. Virusi vya batobato ya muhogo havionekani kamwe, kwani upana wake ni karibu sehemu 1 katika 50,000. Hivyo huhitaji hadubini ya elektroni, ambayo ya kwanza iliundwa Ujerumani mwaka 1931.

Basi, mkulima, ukiambiwa ya kwamba hadubini haikuonyesha kitu, usidhani muhogo wako ni mzima. Shina ambalo majani yake yana mabaka ya manjano na kujikunja, usitwae vijiti vya kupanda kwake. Ling'oe, upande vijiti vya shina lililo safi.