Mashine ya Boti Ikikosa Moto, Usikimbilie Koili

Katika ukanda wa pwani ya Tanga, kuanzia Moa karibu na mpaka wa Kenya hadi Kigombe na Pangani, mashine za zamani za boti, zile zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, bado zinawalisha watu. Ikitokea mashine ya aina hiyo inavutwa kamba mpaka mkono unauma na haiwaki, hukumu hutolewa haraka: koili imekufa, inunuliwe nyingine. Hukumu hiyo mara nyingi si sahihi. Kwa mashine iliyokaa miaka mingi kwenye hewa ya chumvi, kinachostahili kushukiwa kwanza ni njia ya umeme, yaani waya, viungio, swichi na mahali umeme unaposhika bodi ya mashine. Koili ije mwisho, baada ya vipimo.

Sababu iko kwenye namna mashine hizi zinavyotengeneza moto. Hazihitaji betri. Sumaku zilizo ndani ya flaiwili hupita mbele ya koili, umeme unazaliwa, kisha kontakti, vile vibamba viwili vidogo vilivyo chini ya flaiwili, hufunguka kwa wakati maalumu na umeme hupanda hadi maelfu ya volti na kuruka kwenye plagi. Kuizima mashine ni kinyume chake: swichi ya kuzimia huumwaga umeme huo kwenye bodi kabla haujafika kwenye plagi. Kwa hiyo swichi iliyoingia maji ya chumvi, au waya wake uliochubuka na kugusa chuma, huizima mashine hata kama hakuna aliyeigusa. Fundi akibadilisha koili hapo, atakuwa ametumia fedha na mashine itabaki kimya. Jambo la kwanza, basi, ni kuutenga waya wa swichi na kuvuta kamba tena kwa tahadhari, kwani mashine ikiwaka swichi haitaweza kuizima; itazimwa kwa choki au kwa kukatiwa mafuta. Moto ukirudi, mgonjwa ameshajulikana.

Ikishindikana, fungua plagi uisome. Ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika na moto ndio haufanyi kazi yake. Ikiwa kavu kabisa, huenda tatizo ni mafuta, na kuhangaika na umeme ni kupoteza muda. Irudishe plagi kwenye kofia yake, ubane chuma chake kwenye bodi ya mashine, mbali na tundu la silinda na mahali penye mvuke wa petroli, kisha vuta kamba. Moto mzuri ni wa buluu na unalia ta! Ule mwembamba wa njano haufai. Usiuache waya wa plagi ukining'inia hewani wakati wa kuvuta, hasa kwa mashine zenye CDI, yaani moto wa kielektroniki usiotumia kontakti, kwani umeme uliokosa pa kwenda unaweza kuua kifaa kizima. Ujue pia kwamba moto unaoonekana nje bado si ushahidi kamili: ndani ya silinda hewa imebanwa, na umeme hupata shida zaidi kuruka. Mashine ya silinda mbili yenye koili mbili zinazofanana inakupa kipimo bora kisicho na gharama. Zibadilishe nafasi koili hizo. Ugonjwa ukihamia silinda ya pili, koili ni mbovu kweli. Ukibaki palepale, koili haina kosa.

Kontakti nazo zinataka jicho la karibu. Zikikaa bila kazi hufunga utando usioonekana vizuri unaozuia umeme, na hilo huondoka kwa msasa laini na kipande cha karatasi safi. Nafasi kati yake ipimwe kama kitabu cha mashine kinavyosema. Kwa Johnson na Evinrude nyingi za zamani ni inchi 0.020, karibu nusu milimita. Kontakti zinazoungua upesi baada ya kusafishwa zinaelekeza kidole kwa kondensa, kile kifaa kidogo kilichounganishwa nazo.

Wapo watakaosema fundi mzoefu hana haja ya kupima, anaisikia tu mashine. Uzoefu ni mali, lakini koili mbovu, swichi iliyolowa na kontakti chafu vyote vinaleta ukimya uleule, na sikio haliwezi kuvitenganisha. Pingamizi zito zaidi ni kwamba koili kweli hufa. Ni kweli, na dalili yake inajulikana: mashine inawaka asubuhi, inakwenda mpaka ipate joto, inazima, ikipoa inawaka tena. Hapo koili au kondensa ndivyo vya kushukiwa, navyo vipimwe vikiwa vya moto, kwa kuwa vikiwa baridi vinaweza kupita kila kipimo. Na anayeshauri mashine kuukuu itupwe inunuliwe mpya ana hoja upande wa mafuta na moshi, ila mashine ya kontakti ina sifa ambayo mpya nyingi hazina: hutengenezwa ufukweni kwa spana, bisibisi na msasa.

Uchunguzi huu ufanyike nchi kavu, kabla ya safari. Kati ya Tanga na Pemba bahari ina kina cha mamia ya mita, nanga ya boti ndogo haifiki chini, na mkondo wa pwani yetu husukuma kuelekea kaskazini. Mwenye boti, beba plagi mbili nzima, spana yake, msasa laini, kipande cha waya na kitambaa kikavu ndani ya mfuko usioingia maji, na waya wa swichi ya kuzimia uufahamu ulipo ungali ufukweni.